Alhamisi za Daktari Sahara

Diff, 4 Agosti 2025

Kwa shemeji Abshir,

Assalamu alaikum warahmatullahi. Natumaini u mzima, na joto la Garissa bado halijakukausha kabisa. Sisi huku tu wazima, mbuzi wazima, marehemu ni mnara wa simu peke yake. Tangu unyamaze mwezi wa tano hakuna aliyekuja kuufufua wala kuuzika, basi tumerudia barua kama watoto wa bweni. Hii nimempa Abdimalik, yule wa pickup, maana hupita Garissa kila akipata mzigo. Usinicheke mwandiko. Kisomali tumezaliwa nacho lakini kukiandika hakuna aliyetufundisha, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na fimbo.

Nina shida, Abshir. Nimezunguka nayo miezi mitatu nikitafuta wa kumpa, nikaona tangu Bishar atangulie mbele ya haki sina mwingine mjini ila wewe ndugu yake. Nanywa maji kama ngamia na kiu haishi. Miguu inavimba jioni, na nyayo zina ganzi, juzi nilikanyaga mwiba nikaujua kwa damu. Nikitoka kisimani na dumu moja natua mara tatu. Hinda, nesi wa zahanati, alipima sukari na presha akanyamaza, na wewe wajua nesi akinyamaza. Amenipa dawa alizo nazo, hazishiki. Ameniandikia karatasi kwamba nionwe na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Nilimwuliza, ndani wapi? Akasema ndani kote: moyo, figo, damu. Akasema pia nisingoje mwaka uishe, kwa sababu anaogopea figo.

Kwa daktari wa kulipa mkononi siwezi, ukame ulinipunguzia mbuzi na sitaki kuuza waliobaki. Nimejiandikisha bima ya serikali kwa simu kama watu wote, ila kwa bingwa wanataka mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Nakuomba uniulizie tu, kama Garissa yupo daktari wa ndani anayepokea kadi ya serikali na masharti yake ni yapi. Kama ni kazi kubwa, acha. Siyo haraka sana.

Wako,
Amino


Garissa, 16 Agosti 2025

Kwa Amino,

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Umeandika "siyo haraka sana" baada ya kuandika kwamba mwiba ulikuingia usiusikie. Miaka ishirini nimekuwa karani wa ofisi ya mifugo, na najua mtu anavyoficha ugonjwa wa ng'ombe siku ya mnada. Nimeanza kutafuta siku ileile.

Nikusimulie, angalau ucheke. Mahali pa kwanza pana bango kubwa kuliko mlango wenyewe: TUNAPOKEA BIMA YA SERIKALI. Nikaingia. Wanapokea kweli, lakini kwa wanaolazwa. Nikauliza, mtu akiwa hajazidiwa afanyeje? Msichana akanijibu kwa adabu, "Mzee, arudi akizidiwa." Pahali pa pili daktari wa ndani yupo, picha yake iko ukutani. Mwenyewe yuko masomoni, atarudi mwaka kesho. Pahali pa tatu wana daktari na kadi wanaichukua, lakini daktari ni wa watoto. Kliniki ya hospitali ya serikali inapokea watu wote na kadi zote. Ndiyo maana foleni ya daktari wa ndani imefika Februari.

Nimetembea mpaka kandambili ikakatika mshipi. Nilirudi nyumbani nikipiga hatua kama mbuni, nikapika baasto, tambi tupu, nikala na ndizi, nikaosha sahani moja na uma mmoja. Ukiishi peke yako vyombo havikusumbui. Yanayosumbua ni masikio, kwa sababu mtu unarudi na hadithi nzuri kama hii na hakuna wa kukuuliza, "Enhe, kisha?"

Nipe nakala ya kitambulisho chako na ile karatasi ya Hinda. Mengine niachie mimi. Upande wa kadi usiumize kichwa, kuna njia.

Shemeji yako,
Abshir


Diff, 25 Agosti 2025

Kwa shemeji Abshir,

Enhe, kisha?

Nimecheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Nakala na karatasi ya Hinda zimo humu. Njia gani hiyo ya kadi? Usinikopee kwa mtu, wallahi nitakasirika.

Nikupe na yangu. Juzi Adeer Kulow alinijia tena na wazee wawili. Wamekunywa chai yangu yote, wamesifu maziwa, ndipo wakafika walikokuwa wanakwenda: dumaal. Kwamba mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, ndivyo walivyoikuta desturi na ndivyo watakavyoiacha. Kwamba miaka minne yatosha. Kwamba Abshir yupo, hana mke, ana kazi ya serikali, nangoja nini, malaika? Adeer Kulow ni baba yenu mdogo na namheshimu. Nilimwambia sina la kuongeza juu ya hapana yangu ya mwaka wa kwanza. Akaondoka akitikisa kichwa, amesahau bakora yake mlangoni.

Nakuandikia hili si ili likuudhi. Nataka ujue kwamba nimeona. Katika watu wote wa nyumba ile, wewe peke yako hujanisukuma. Hukutuma mtu, hukutuma neno. Ndiyo maana naweza kukuomba kazi ya daktari bila kuhisi kwamba kuna mkono unaonivuta upande wa pili. Allah akulipe kwa kunyamaza kwako.

Miguu ni ileile. Sasa navaa viatu vya Bishar, vyangu vinanibana.

Amino


Garissa, 6 Septemba 2025

Kwa Amino,

Alhamdulillahi, amepatikana. Anaitwa Daktari Sahara, bingwa wa ndani hasa, na huja Garissa kila Alhamisi katika kliniki ndogo nyuma ya soko. Hana bango. Nilimpata kupitia Bilan, jirani yangu, ambaye mama yake anatibiwa presha hapo. Anapokea bima ya watumishi wa serikali na watu wa nyumbani kwao. Nimekuwekea nafasi Alhamisi tarehe 18, saa tatu asubuhi. Utalala kwa Bilan, nimeongea naye, amekwisha kukufulia shuka.

Ulichoandika kuhusu kunyamaza kwangu nimekisoma mara nyingi. Sistahili shukrani hizo. Tuyaache hayo kwanza, tuangalie afya.

Siku hiyo mimi nitafika mapema. Wakikuuliza chochote dirishani, waambie wamngoje Abshir. Usijieleze sana. Makarani wa madirishani ninawajua, mimi mwenyewe ni mmoja wao. Ukiwapa neno moja wanataka kumi.

Njoo tu, Amino. Hata ukijisikia nafuu, njoo.

Abshir


Wajir, 20 Septemba 2025

Abshir,

Niko Wajir kwa dada yangu. Simu hapa inashika lakini nimeizima, kwa sababu kwenye simu ungenisikia nikilia na sitaki ulipate hilo.

Nataka uone nilivyoona mimi. Nimekaa kwenye benchi katikati ya watu kama thelathini. Mmoja wao ni Abdikarim, mwenye duka wa Diff, kamleta baba yake. Tumeamkiana. Nafikiria nitamwambia nini daktari, nimeyapanga kichwani, kiu, ganzi, pumzi. Dirishani yule msichana anashika karatasi na kuita kwa sauti ya mnadani: "Mke wa Abshir Rage! Mke wa Abshir Rage yuko?"

Sikuitika, nilifikiri umeoa bila kutuambia, na wallahi kwa dakika moja nilikufurahia. Msichana akasoma tena: "Amino Bishar... samahani, Amino, mke wa Abshir Rage." Watu wakageuka. Abdikarim akasimama, akanyoosha mikono miwili: "Mashallah! Mabruuk! Hatimaye!" Nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa umesimama pale pale dirishani, kitambulisho mkononi, unatazama viatu vyako.

Ungesema neno moja tu. Ungesema, "Hapana, ni mke wa marehemu ndugu yangu." Hukusema. Basi nilichukua mfuko wangu nikatoka, na daktari sikumwona.

Nimefika Wajir jioni na habari imenitangulia. Dada yangu amenipokea na hina. Hina, Abshir! Ananiuliza nikaha ilisomwa na sheikh gani. Diff saa hizi Adeer Kulow anachagua mbuzi, namjua. Mimi niliyewaambia wazee hapana mbele ya chai yangu mwenyewe, sasa nimeonekana nilikuwa nakuja kwako kwa mlango wa nyuma.

Nilikushukuru kwa kunyamaza. Kumbe ulikuwa unaandika.

Amino, mke wa Bishar, Allah amrehemu


Garissa, 26 Septemba 2025

Kwa Amino,

Nimepiga simu mara kumi na tatu, kisha nikaacha, nikaona hata mlio wake ni kukusukuma. Natuma hii Wajir kwa mtu wa basi, namwambia aifikishe kwa dada yako.

Sitajitetea, nitaeleza tu. Fomu ya bima ya kazini ina nafasi za watu wa nyumbani. Imeandikwa mke au mume, kisha watoto. Hakuna palipoandikwa mjane wa ndugu. Ungedhani nilikuandika mwezi wa nane, nilipopata barua yako, ili upate daktari. Ningependa udhani hivyo, nami ningeweza kukuacha udhani. Lakini nimechoka kukuficha.

Nilikuandika miaka minne iliyopita. Bishar alikuwa hajamaliza miezi sita kaburini. Adeer Kulow alinijia ofisini, akasema jambo limekwisha, umekubali, bado kusoma nikaha tu, niandike jina lako mapema kwa sababu fomu zinafungwa. Nikaandika. Wiki mbili baadaye akatuma neno kwamba umekataa. Ilikuwa nirudi kwenye dirisha la bima nilifute. Nilikwenda, nikakaa kwenye foleni, nikarudi nyumbani. Mwaka uliofuata wakatupa fomu nyingine, ina jina lako tayari, wanauliza kama kuna badiliko. Nikatia sahihi hakuna. Mwaka wa tatu vilevile, na wa nne.

Unajua nyumba yangu. Mke wangu tuliachana, watoto hatukujaliwa. Mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba nina mtu ni kwenye karatasi ile. Sikukusudia ijulikane. Sikukusudia ikudai kitu. Ilikuwa yangu ya kutazama mara moja kwa mwaka. Najua ni dhambi na najua ni ujinga, na ulipoitwa dirishani nilishindwa kusema hapana, kwa sababu sikuwahi kulisikia neno hilo, mke wa Abshir, likitamkwa na mtu.

Nimemwona Daktari Sahara. Nimempa karatasi ya Hinda, akaisoma akakunja uso. Amesema uje Alhamisi yoyote, lakini usipitishe mwezi. Kadi bado inafanya kazi. Tafadhali, itumie kwanza. Nichukie baada ya matibabu. Sitakuja kliniki, sitakuwa hata mjini siku hiyo ukitaka. Diff pia sitakuja, watasema nimekuja kuchukua mke.

Nijibu neno moja tu, nijue utakwenda.

Abshir


Garissa, 24 Oktoba 2025

Kwa Amino,

Wiki nne. Kila Alhamisi nimesimama ng'ambo ya ile kliniki, kwenye kibanda cha chai, nikitazama wanaoingia. Nilisema sitakuwa mjini, nikashindwa. Hukuja. Nimeelewa kwamba hilo ndilo jibu.

Wiki iliyopita Abdikarim alipita ofisini. Ameniambia umerudi Diff, hutoki nyumbani, na kila Ijumaa Adeer Kulow anakuja na wazee na kusema haiwezekani serikali ijue una mume na wewe usijue. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikakaa nyuma ya zizi. Mimi ndiye niliyewapa fimbo hiyo.

Basi jana nimekwenda kukuondoa. Nimemwandikia na Adeer Kulow barua, kwamba hakukuwa na nikaha, hakukuwa na neno lolote kati yetu, uongo wote ni wangu, naye akuache. Aisome msikitini akipenda.

Nikuambie ilivyokuwa dirishani, kwa sababu ni haki yako. Karani alinipa fomu ya kumwondoa mke. Ina nafasi ya sababu, na sababu ni mbili tu, kifo au talaka. Nikamwambia hakuna kati ya hizo. Akasema, mzee, chagua moja, watu wanangoja. Siwezi kukuua, Amino, hata kwa kalamu. Nikatia alama kwenye talaka. Akagonga muhuri. Kwa hiyo nimekuacha kabla sijakuoa.

Kadi yangu haikufikishi tena kwa Daktari Sahara. Jina lako likishatoka, kulirudisha kunahitaji cheti cha ndoa na kungoja mpaka mwaka mpya wa bima. Nimekuandikisha ile foleni ya kliniki ya serikali, tarehe 12 Februari, kwa kadi yako mwenyewe, na mchango wako wa mwaka nimeshaulipa, usinirudishie. Najua Februari ni mbali. Najua alichosema Hinda. Sikupata karibu zaidi ya hapo.

Sitakuandikia tena usipotaka.

Abshir


Diff, 27 Oktoba 2025

Kwa Abshir,

Barua yako ya tarehe 26 Septemba imenifikia leo asubuhi. Imelala kwa dada yangu mwezi mzima, kwa sababu nilikwisha kuondoka Wajir ilipofika, na gari la Abdimalik lilivunjika springi huko Habaswein likangoja chuma kutoka Nairobi. Umeomba neno moja na umengoja wiki nne bila kulipata. Pole. Nakujua, umekaa huko ukijihukumu. Usijihukumu peke yako, ningoje na mimi nikusaidie.

Nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, kwa hasira. Mara ya pili nimekaa. Mara ya tatu nililia, na safari hii sikujali nani asikie.

Kwanza ujue neno moja ambalo hukuambiwa. Mwaka ule Adeer Kulow hakuja kuniuliza. Alikuja kunijulisha. Alisema limekwisha, Abshir amekubali, chagua siku. Kukuambia wewe kwamba mimi nimekubali, na kuniambia mimi kwamba wewe umekubali, na hakuna aliyeulizwa! Nilisema hapana kwa sababu mbuzi pia hupangiwa zizi. Nikangoja uje wewe. Nilisema moyoni, akija mwenyewe, akikaa hapo kwenye mkeka, akiniuliza mimi, nitafikiri. Hukuja. Mwaka ukaisha, nikajiambia hanitaki, nikakugeuza shemeji mwema asiyenisumbua, nikakushukuru kwa hilo kwa maandishi. Hivyo mimi nami nilikuwa na uongo wangu.

Abdimalik akirudi kutoka Garissa mimi humwuliza bei ya sukari na unga, kisha humwuliza kama umekonda. Hunijibu umekonda. Amechoka na swali hilo.

Sasa sikiliza. Hinda amenipima jana. Hakunyamaza safari hii, amenifokea. Miguu imevimba mpaka magotini, na nikilala chali pumzi inakatika, hivyo nalala nimekaa. Siogopi kufa kuliko watu wengine. Ninachoogopa ni kufa hapa ndani, mlango umefungwa, nikiwa nimekasirika na mtu aliyeniandika jina.

Nakuja. Abdimalik anatoka kesho alfajiri kupitia Dadaab, naye atakupa barua hii kwa mkono wake nikiwa kwenye gari lake. Alhamisi hii tarehe 30 nitakuwa kwa Daktari Sahara saa tatu. Lakini kabla hatujafika dirishani utanipeleka kwa Bilan, utakaa mbele yangu, utaniuliza wewe, kwa mdomo wako, bila mzee na bila karani. Jibu siliandiki kwenye barua, maana nataka nikuone uso ukilisikia. Nikisema ndiyo, tutamwita sheikh Jumatano, ili yule msichana akiita mke wa Abshir Rage niitike bila uongo. Nikisema hapana, tutatafuta daktari mwingine pamoja, nawe utakatikiwa na kandambili nyingine.

Adeer Kulow sijamwambia kitu. Ataijua kama wengine.

Hadi hapo nakuomba jambo moja tu. Kwa wema wako unaweza kuona ni heshima kwenda kunifuta. Usinifute. Fomu iache ilivyo, usiguse kitu mpaka tuongee.

Amino